Gudulia la Labidi na Udhu wa Haji Mundhiri

Inasimuliwa kwamba palikuwa na mja mwema mmoja... Lakini hebu ngojeni. Isimuliwe na nani? Wanaosimulia ni wale ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Siapi, maana dini imekataza kuapa ovyo, lakini nilikuwepo, nimesimama karibu na lile gudulia kama nilivyo karibu na pua yangu, na kanzu niliyovaa siku ile iliingia harufu ambayo mpaka leo nikipita zizini mbuzi wananipisha. Mtasema mambo haya ni ya zamani za makhalifa na mimi nimezaliwa juzi. Hayo ni mahesabu, na mahesabu hayajawahi kumpeleka mtu peponi. Kaeni vizuri, mumsikie Labidi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Labidi alikuwa mtia rangi wa nguo katika mji wa Zabidi, huko Yemen. Rangi yenyewe ni nili, ile buluu nzito. Siku hizo watia nili wa Zabidi walikuwa wengi hata kunguru wa mji ule walikuwa wa buluu, na mtu akipiga chafya inatoka buluu.

Kazi ya nili si mchezo. Majani yake yanaozeshwa ndani ya kasiki, lile tungi kubwa la udongo ambalo mtu mzima akiingia huoni hata kilemba. Chini kabisa ya kasiki hukaa tope zito, na tope hilo watia rangi wanaliita mama. Mama analishwa kama mgonjwa: tende kidogo, pumba za ngano, chokaa. Akishiba, nguo inatoka buluu ya kumpendeza sultani. Akinuna, nguo inatoka rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Na ukichota gudulia moja tu la mama ukalimimina katika kasiki la mtu mwingine, kasiki hilo nalo linapata uhai. Ndiyo maana mama hachotwi ila kwa idhini ya mwenyewe. Ile ilikuwa amana, na amana mnajua ilivyo nzito mbele ya Mola.

Jambo jingine: mama ananuka. Harufu yake nimepata kuona inamwangusha punda. Lakini watia rangi wenyewe hawaisikii hata kidogo, kwa sababu pua zao zilikufa zamani. Hilo mlishike, msije mkaniuliza baadaye.

Basi Labidi alimfanyia kazi Haji Mundhiri tangu ndevu hazijamwota. Haji, mtia rangi naye, alikuwa mzee mcha Mungu, macho yameingia ukungu, haoni zaidi ya kivuli cha mtu, na sala haimpiti. Watu wa Zabidi walikuwa wakimsifu Labidi: mtazameni yule, bwana mmoja maisha yake yote! Huo ndio uaminifu! Na Labidi akisikia hivyo anajifanya hakusikia, kisha anapita tena pale pale ili asikie vizuri.

Sasa, mkewe Labidi, Bi Umaima, alikuwa na kaka anayeitwa Jundubu. Huyu alikuwa kinyume. Ukimsalimia Jundubu asubuhi ni mwoka mikate, ukitoka kusali Adhuhuri unamkuta anashona matandiko ya ngamia, na Alasiri anauza siki. Kulikuwa na ngamia mmoja wa msafara aliyemkuta Jundubu kila alikotua, mwisho akawa anamlilia kama ndugu yake.

Na hapa nyinyi wa leo nawaona mmegawanyika. Wale mnaohamahama mnacheka na Jundubu, na wale mliokaa kazi moja mpaka mmeota mizizi mnatikisa vichwa na Labidi. Tulieni. Kila mmoja atapata lake.

Zabidi walikuwa na desturi yao. Mfanyakazi akitaka kuondoka, anamwambia bwana wake waziwazi. Bwana anakaa kizingitini, mbele ya wapita njia, anaomba maji, anamwosha yule mtu mikono, kisha anasema, "Nimekuridhia, nawe niridhie." Hapo mtu yuko huru, aende atakako. Asiyeoshwa mikono, mwajiri mwenye heshima hampokei. Na Jundubu, pamoja na kuhama kwake kote, hakuna bwana hata mmoja aliyekataa kumwosha. Mikono yake ilikuwa imeoshwa na nusu ya mji, misafi kuliko ya kadhi.

Siku moja wawili hao walikutana barazani kwa Labidi.

"Shemeji," Labidi akamchokoza, "leo tukuite nani? Mwoka mikate, fundi viatu, au amiri jeshi?"

"Leo nasokota kamba, shemeji. Ya kesho anayajua Mungu."

"Wewe subira huna."

Jundubu akainua macho akatazama paa. Paa la Labidi lilikuwa na tundu la kupita mbuzi na mchungaji wake. Akamtazama na dada yake, Bi Umaima, amekaa chini ya tundu hilo na mimba yake ya mwezi wa mwisho, na mawingu yamekwisha anza kukusanyika.

"Na wewe, shemeji," akasema taratibu, "hiyo yako ni subira au woga?"

Labidi akainuka akaanza kufagia baraza. Maana ukweli ni kwamba ujira wake ulikuwa ule ule tangu alipokuwa kijana, na hajawahi kufungua mdomo kuomba. Kila akitaka kusema anaona aibu, anajiambia, "Mimi ni mtu mwaminifu, waaminifu hawaombi." Mkewe naye alikuwa amechoka. "Baba watoto," alimwambia, "mimi uaminifu wako naupenda sana. Lakini huu utamkinga mtoto na mvua?"

Ndipo akatokea Shaddadi. Huyu alikuwa tajiri wa nguo, mgeni mjini, amenunua kasiki kubwa kuliko makasiki yote ya Yemen. Mimi nililiona: kunguru akianza kuruka kutoka ukingo huu anafika ule wa pili amezeeka. Lakini lilikuwa limekufa, halina mama. Shaddadi akamvuta Labidi pembeni ya soko.

"Njoo kwangu uwe msimamizi," akamwambia. "Nyumba ninayo, paa zima, haivuji hata machozi. Hamia kesho kabla ya Magharibi. Ila usije mtupu. Njoo na gudulia la mama wa Haji Mundhiri."

"Hiyo ni mali ya Haji."

"Haji ana makasiki tele. Gudulia moja litampunguzia nini? Umemtumikia mpaka umeingia kutu, bwana wee. Hiyo ni haki yako, si wizi."

"Na kuoshwa mikono je?"

Shaddadi akacheka. "Wenye mikono misafi wamejaa mjini. Mimi natafuta michafu."

Labidi akarudi kwa Jundubu na kichwa kinamuuma. Akamweleza habari ya nyumba na paa, kisha akaitamka na ile ya gudulia.

"Ondoka," akasema Jundubu.

"Niondoke?"

"Kuondoka kuna dhambi gani? Mimi nimeondoka mara ngapi na nafunga Ramadhani kama wewe? Lakini kila nilipotoka, shemeji, nilitokea mlango wa mbele, na mikono nimeikunjua, kila mtu anaiona. Kamwambie mzee."

"Nimwambie Ami Haji? Atakufa!"

"Hafi. Wazee hawafi kwa kuagwa. Ingekuwa wanakufa, mimi ningekwisha umaliza mji huu."

Waumini wenzangu, nasaha ndiyo hiyo, imetoka kwa mtu anayesokota kamba. Na Labidi aliisikia. Lakini ule usiku mvua ya kwanza ikanyesha, Bi Umaima akalala ameketi, na asubuhi Labidi akatoka nyumbani ameshaamua vingine.

Siku ile alifanya kazi kama kawaida mpaka Alasiri inakaribia. Wenzake walipokwenda kuanika nguo, akainama ndani ya kasiki, akachota mama, akajaza gudulia, akalifunika kwa kitambaa. Akalikumbatia, akaelekea mlangoni.

Mlangoni amekaa Haji Mundhiri.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mimi, Ami."

"Naona umebeba kitu kifuani. Nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ulimi wa Labidi, ulimi uliokuwa haujasema uwongo tangu kuumbwa, ukateleza.

"Maji, Ami."

Uso wa mzee ukang'aa. "Alhamdulillahi! Kweli Mungu hamsahau mja wake. Mchukuzi wa maji leo hakupita, ndani hamna hata tone, na Alasiri hiyo inaadhiniwa. Njoo, nimiminie nitawadhe."

Akakunja mikono ya kanzu mpaka viwikoni. Akatoa kilemba akakiweka gotini. Akakinga viganja viwili, akasema, "Bismillahi."

Sasa mtaani hali ilikuwa mbaya. Harufu imetoka nje, watu wanapita wameziba pua kwa vilemba, na muadhini juu ya mnara alikata adhana katikati akakohoa kohozi lililosikika Makka. Lakini wale wawili pale mlangoni, mmoja ana kivuli badala ya macho na wote wana pua zilizokufa, hawakujua lolote. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeegemea ukuta, machozi yananitoka, na sikusema neno, maana niliona huyu ni mtu anayejaribiwa na Mola wake, na mtihani wa mtu hauingiliwi.

"Mimina basi, mwanangu. Nimeshanuia."

Labidi akatazama vile viganja. Vilikuwa vya buluu kama vyake, buluu ile ile, kutoka kasiki lile lile. Akajiona akimimina. Akaliona tope likimpaka mzee usoni, kwenye ndevu nyeupe, na mzee akisimama msikitini mbele ya Mola wake na mali yake mwenyewe iliyoibwa ikimchuruzika shingoni. Angeweza kusema maji ni machafu. Angeweza kusema ngoja nikuletee mengine. Uwongo wa pili huwa tayari umeshavaa viatu, unangoja kuitwa tu. Lakini akafikiri, huyu mzee ameniamini kiasi cha kuniachia udhu wake, nami nampa nini? Gudulia likawa zito kuliko mlima. Akalitua chini.

"Ami, usitawadhe. Si maji."

"Si maji?"

"Ni mama. Nimemchota kasikini kwako. Nilikuwa nampelekea Shaddadi, anipe nyumba."

Viganja vya mzee vikabaki vimekingwa vile vile.

"Kwa nini hukuniambia, Labidi?"

"Niliogopa, Ami."

"Unamwogopa huyu kipofu? Uliogopa nitakwambia nini?"

"Niliogopa utaniambia nenda. Na niliogopa utaniambia usiende. Yote mawili, Ami."

Nilidhani mzee atapiga kelele, mji ujae. Badala yake akashusha mikono gotini, akaanza kulia, na analia kwa haya kama mtoto.

"Basi na mimi nikwambie langu," akasema. "Habari za paa lako ninazo. Tangu masika yaliyopita ninazo. Kila nikitaka kukuongezea, nafsi inaniambia, ya nini? Labidi haondoki. Nikakugeuza kama hili kasiki, kitu kikishawekwa kimewekwa. Watu wanakusifu kwa uaminifu, na mimi naula uaminifu wako kama tende. Wewe umeniibia leo, mwanangu, gudulia moja, na umelirudisha kabla halijavuka mlango. Mimi nimekuibia zamani, na sijarudisha."

Wakabaki wanalia wote wawili, na Alasiri inakwenda, na hakuna maji.

Ndipo kwenye kona ya mtaa akatokea mtu anakimbia, amebeba kiriba cha maji mgongoni, ametota jasho. Nani? Jundubu! Kamba alikuwa ameiacha asubuhi ile, kwa mlango wa mbele kama kawaida yake, amehamia kazi ya kubeba maji, na siku ya kwanza tu amepotea njia.

"Nisameheni, Ami Haji, nisameheni! Kazi mpya, vichochoro sijavizoea..." Kisha akasimama, akaziba pua. "Subhanallahi! Shemeji, umefukua kaburi?"

Oneni mipango ya Mungu. Kama Jundubu angekuwa mtu wa kutulia, maji yangefika mapema, mzee angekuwa ameshatawadha, na Labidi angepita na gudulia lake salama mpaka kwa Shaddadi, mwizi maisha yake yote. Anayehamahama naye ana kazi yake kwa Mola.

Haji Mundhiri akatawadha kwa maji ya Jundubu. Alipomaliza, akasema, "Yamebaki?"

"Yamebaki, Ami."

"Mimina hapa. Labidi, nyoosha mikono."

Labidi akapigwa na butwaa. "Unanifukuza, Ami?"

"Nakuachia huru. Toka zamani nilipaswa kukuuliza kama unakaa kwa kupenda, sikuuliza. Nyoosha."

Mtaa mzima umesimama, vilemba puani. Mzee akaishika mikono ya Labidi ndani ya mikono yake, akaiosha kidole kwa kidole, akasema, "Nimekuridhia, nawe niridhie." Na hapo, ndugu zangu, kikatokea kioja. Ile mikono iliyokuwa ya buluu tangu ujana, mikono ambayo hata sabuni ya sultani haikuiweza, ikatakata! Ikawa myeupe kama maziwa, ikang'aa hata watu wa mtaa wa pili wakadhani mwezi umechomoza mchana. Takbiri zikapigwa, wanawake wakapiga vigelegele juu ya mapaa, na mimi nililia mpaka nikakonda.

"Sasa huna bwana," akasema Haji. "Uko huru. Utakwenda kwa nani?"

Labidi akaitazama mikono yake, akamtazama mzee. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaomba.

"Natafuta kazi, Ami. Mimi ni mtia rangi. Kazi naijua. Lakini nina mke anayekaribia kujifungua na paa bovu, na kwa ujira wa zamani siwezi."

Mzee akacheka huku ndevu zinatiririka maji ya udhu. "Kwangu pana nafasi. Mtu aliyekuwepo ameondoka sasa hivi. Paa nitaliezeka mimi kesho, na ujira tutakaa tuzungumze kama watu wawili. Unakubali?"

"Nimekubali, Ami."

Jundubu akatikisa kichwa. "Miye mwenyewe," akasema, "sijawahi kuhama kazi kwa haraka namna hii."

Wakaenda kusali wote watatu, na mama akarudishwa kasikini. Shaddadi akangoja mpaka Magharibi, akangoja mpaka Isha, na sijui kama hata sasa amekwisha inuka. Paa likaezekwa, na Bi Umaima akajifungua chini yake, pakavu, wakati mvua inapiga nje kama ngoma. Labidi akakaa kwa Haji Mundhiri mpaka siku aliyomzika kwa mikono yake. Na Jundubu? Aliacha kubeba maji wiki ile ile. Kwa mlango wa mbele.

Basi, waumini, aliyekaa asijione walii kwa kukaa, maana huenda ni woga tu umevaa kilemba. Na anayehama asijione mjanja kwa kuhama, atazame kwanza amebeba nini chini ya kitambaa. Nanyi mliowaajiri watu, mkiona mtu haondoki, msidhani ameumbwa na ukuta. Muulizeni. Mola wetu atatuuliza tulivyokaa na watu, na tulivyoagana nao.

Limebaki moja, na nafsi inanisuta nisiinuke bila kulisema. Habari ya kuwa nilikuwepo msiiguse, hiyo nimeshaisema imekwisha. Ni ile mikono. Mikono ya Labidi haikuwa myeupe. Hilo nimelitia mimi, kwa sababu nawajua nyinyi, kisa kisipokuwa na kioja mnaanza kutafuta viatu. Nili haitoki, ndugu zangu. Mzee aliosha na kuosha mpaka kiriba kikaisha, na mikono ikabaki ya buluu vile vile. Labidi alisali nayo hivyo, alimpokelea mwanawe hivyo, na hata waoshaji wa maiti waliisugua wakaiacha. Alizikwa nayo.

Lakini pale mlangoni, viganja vya mzee vimekingwa na mzee hana macho ya kuona, Labidi alisema, "Si maji." Hilo sikulitia mimi.